Hati za Mtoto Asafiriye na Mzazi Mmoja

Katika mambo yawasumbuayo akina mama na akina baba walezi wa watoto peke yao, liko moja ambalo halizungumzwi sana misikitini wala barazani: kumchukua mtoto na kuvuka naye mpaka wa nchi. Mzazi huwa amekwisha kusanya nauli, amekwisha kuwaaga jamaa, na mizigo imefungwa. Afikapo mbele ya afisa wa Uhamiaji huulizwa swali moja fupi: mzazi mwenzio yuko wapi, naye ameridhia? Wengi hulijibu swali hilo kwa mdomo, nalo halijibiki kwa mdomo. Jawabu lake ni karatasi.

Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu, na tumelielekeza hasa kwa wasomaji wetu wa kusini, watu wa Lulindi na wa vijiji vilivyo baina ya Masasi na Newala. Si kwamba watu wa Tanga au wa Unguja halitawafaa, litawafaa wote. Lakini kusini jambo hili lina uzito wake kwa sababu tatu. Ya kwanza ni mto Ruvuma, ambao jamaa wamekaa ng'ambo zake zote mbili. Ya pili ni mila ya ukoo wa mama, ambayo humpa mjomba neno kubwa juu ya mtoto. Ya tatu ni talaka nyingi ambazo hutolewa na kuandikwa nyumbani, kisha zisifikishwe mahali pa kuzitilia nguvu.

MTO NA DARAJA

Wamakonde, Wamakua na Wayao hawakugawanywa na mto. Waligawanywa na mipaka iliyochorwa na wageni. Mtu wa Newala ana shangazi yake Mueda, na mtu wa Masasi ana mjomba wake Cabo Delgado. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia mwaka 1964 hata mwaka 1974, watu wengi sana walivuka wakaja upande huu, na baadhi yao wakaoa na kuolewa huku. Kwa hiyo iko nyumba nyingi ambamo baba ni wa ng'ambo moja na mama ni wa ng'ambo ya pili. Ndoa hiyo ikivunjika, mtoto hubaki na mpaka katikati ya wazazi wake.

Zamani watu walivuka kwa mtumbwi. Tarehe 12 Mei 2010 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania na Rais Armando Guebuza wa Msumbiji walilifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, baina ya Mtambaswala upande wetu na Negomano upande wa pili. Daraja limeondoa taabu kubwa. Lakini daraja lina lango, na lango lina afisa. Mtumbwi haukumwuliza mtu habari za mtoto aliyepakatwa, lango huuliza.

Tena tangu mwezi wa Oktoba 2017, machafuko yalipozuka katika jimbo la Cabo Delgado, ulinzi wa mpaka umekazwa. Mwezi wa Oktoba 2020 hata kijiji chetu cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Nchi ikiwa katika hali hiyo, mtu mzima amvushaye mtoto asiye na hati yoyote hutazamwa kwa jicho kali, hata kama ni bibi mzaa mama ampelekaye mjukuu kwenye jando au kwenye matanga.

Na safari za watu wa kusini si za Ruvuma tu. Korosho zikiuzwa vizuri, wapo wanaokwenda Umra. Wapo waitwao na ndugu zao walioko Afrika ya Kusini. Wapo walioolewa Oman, na wapo wampelekao mtoto mgonjwa Bara Hindi kutafuta matibabu. Katika safari zote hizo swali ni lile lile.

KWA NINI HUULIZWA

Baadhi ya wazazi huona kwamba wanadhulumiwa. Husema: mtoto nimemzaa mimi, nimemlea mimi, huyu afisa anataka nini? Yatupasa tufahamu kwamba swali hilo halikuwekwa ili kumtesa mama wala baba. Limewekwa kwa ajili ya mtoto.

Kwanza, wapo watu waovu wanaowachukua watoto na kuwauza katika utumwa wa siku hizi, wa kazi za nyumbani na mambo machafu zaidi ya hayo. Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008. Mchukuzi wa mtoto kwa nia mbaya naye hujiita mama, au shangazi, au jamaa. Afisa hana njia ya kuujua moyo wa mtu. Ana njia ya kuisoma hati.

Pili, wapo wazazi wenyewe ambao, wakiwa na hasira na wenzi wao wa zamani, humtorosha mtoto nchi ya mbali ili mwenzake asimwone tena. Jambo hili lilipozidi duniani, mataifa yalifanya mapatano mjini The Hague tarehe 25 Oktoba 1980, ili mtoto aliyechukuliwa kwa njia hiyo arudishwe upesi katika nchi aliyokuwa akikaa. Afrika ya Kusini imo katika mapatano hayo. Tanzania, hadi mwaka 2023, haikuwamo. Maana yake ni nzito: baba au mama wa Lulindi akitoroshewa mtoto nje, njia hiyo ya mkato haiko mbele yake. Hana budi kwenda kudai katika mahakama za nchi ya kigeni, kwa lugha ya kigeni na kwa gharama asiyoiweza. Ndiyo sababu ni heri mlango ulindwe kabla mtoto hajatoka.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na kwamba katika kila jambo limhusulo, kitangulizwe kilicho bora kwake. Basi afisa aulizaye anaitii sheria hiyo.

SHERIA TATU JUU YA MTOTO MMOJA

Mtoto wa Kiislamu wa Lulindi amesimama chini ya sheria tatu kwa wakati mmoja, na mengi yaharibikayo huharibika kwa sababu wazazi huitazama moja na kuzisahau mbili.

Ya kwanza ni mila. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Akisema mtoto na aende, jamaa huona jambo limekwisha. Hatuidharau mila hii. Imewalea yatima wengi na kuwasitiri wajane wengi. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka hakimu azitazame desturi za jamii wazazi watokako, pamoja na matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake. Lakini mjomba husikilizwa mbele ya hakimu. Mpakani sahihi yake haishiki mahali pa sahihi ya baba aliye hai.

Ya pili ni sharia ya dini yetu. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu anawataka wazazi waridhiane na kushauriana hata katika jambo la kumwachisha mtoto kunyonya kabla ya kutimia miaka miwili, na anakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Na tufikiri, ndugu zetu. Ikiwa kumwachisha ziwa kunataka ridhaa ya wawili, kumvusha bahari kutatakaje?

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu walio wengi katika pwani yetu, wamelifafanua jambo hili. Mama hutangulizwa katika kulea mtoto mchanga, maadamu hajaolewa na mume asiye jamaa wa mtoto. Na mtoto afikapo umri wa kupambanua, nao hukadiriwa kuwa miaka saba, huhiarishwa baina ya wazazi wake. Ama katika safari, Imamu Nawawi katika kitabu chake Minhaj amezitenga safari mbili. Mzazi mmoja akisafiri kwa haja kisha arudi, mtoto hubaki na yule aliyebaki mjini. Akisafiri kwa kuhama, baba ndiye mwenye haki zaidi ya kuwa na mtoto, kwa sharti kwamba njia na mahali waendako pana amani. Na kila mwenye haki akiridhia kumwachia mwenzake, ugomvi umeondoka. Tunaona hapa kwamba fakihi aliyeandika zaidi ya miaka mia saba iliyopita alikuwa akiuliza maswali yale yale aulizayo afisa wa leo: ni safari ya kurudi au ya kuhama? Njia ina amani? Mwenzio ameridhia?

Ya tatu ni sheria ya Serikali, nayo ndiyo isomwayo mpakani. Sheria ya Ndoa huchukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, lakini dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na lililo kuu mbele ya hakimu ni maslahi ya mtoto. Mahakama inaweza kumpa malezi baba, au mama, au jamaa mwingine. Tena inaweza kumkataza aliyepewa malezi asimtoe mtoto nje ya Tanzania.

HATI ZENYEWE

Sasa tuzitaje hati moja moja, kwa utaratibu wa kuzitafuta.

Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hiki ndicho msingi. Bila hicho hapana pasipoti. Wengi huko kwetu wana kadi ya kliniki, au tangazo la kizazi walilopewa hospitali, wakadhani ndicho cheti. Sicho. Cheti hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, waitwao RITA, ambao katika wilaya hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, mpango ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoa mingine, Mtwara ikiwamo, umewezesha cheti kutolewa bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mzazi mwenye mtoto mchanga asiiache nafasi hiyo impite. Kwa mtoto aliyekwisha kukua huhitajiwa ushahidi, kama kadi ya kliniki, hati za shule, na barua ya mtendaji wa kijiji au wa kata.

Katika cheti, liangalieni sana jina. Huku kwetu mtu mmoja huandikwa Mohamedi katika kadi, Muhammad madrasa, na Mohamed shuleni. Mama huwa Asha katika cheti cha ndoa na Aisha katika kitambulisho cha Taifa. Nyumbani hakuna ashangaaye. Mezani kwa afisa hao ni watu wawili. Majina yakihitilafiana, yasahihishwe mapema, au wakili aandike hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Ya pili ni pasipoti ya mtoto mwenyewe. Tangu pasipoti za kielektroniki zilipozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, zama za kutegemea pasipoti ya mama zimekwisha. Hata mtoto wa kunyonya ana yake. Maombi hujazwa kwa njia ya mtandao na kupelekwa katika ofisi ya Uhamiaji, na kwa watu wa Masasi na Newala ofisi ya mkoa iko Mtwara mjini. Pamoja na cheti cha mtoto na picha, huhitajiwa vyeti na vitambulisho vya wazazi, na barua ya ridhaa ya wazazi au ya mlezi wa kisheria. Ada iliyowekwa pasipoti hizo zilipoanza ilikuwa Sh 150,000. Si fedha kidogo kwa mkulima, kwa hiyo atakayesafiri baada ya msimu wa korosho aanze kuitengea fungu mapema. Kwa safari ya ghafla ya nchi jirani, kama msiba au ugonjwa, iko hati ya dharura ya safari itolewayo na Uhamiaji. Lakini hiyo nayo haiondoi swali la ridhaa.

Ya tatu ni ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Barua hii isiwe ya maneno mawili. Iandikwe jina kamili la mtoto kama lilivyo katika cheti, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Jina la mzazi anayeridhia, namba ya kitambulisho chake cha Taifa na ya simu. Jina la mzazi anayesafiri na mtoto. Nchi waendayo, nyumba watakayofikia na sababu ya safari. Tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi. Kisha itiwe sahihi mbele ya wakili aliye Kamishna wa Viapo, au mbele ya hakimu, na nakala ya kitambulisho cha mwenye kuridhia iambatishwe. Ziandikwe nakala mbili au tatu zenye sahihi ya wino. Kwa safari ya Msumbiji ifasiriwe kwa Kireno. Kwa nchi nyingine ifasiriwe kwa Kiingereza au Kiarabu. Balozi nyingine hutaka hati ithibitishwe kwanza na Wizara ya Mambo ya Nje. Yafaa kuuliza kabla ya kukata tikiti.

Ya nne ni hati inayoeleza kwa nini mzazi yuko peke yake. Hapo hali za watu huachana, nasi tutazieleza.

KILA HALI NA KARATASI YAKE

Mjane, au mume aliyefiwa, achukue cheti cha kifo cha mwenzake kutoka RITA. Kibali cha mazishi si cheti, wala barua ya sheikh aliyeongoza maziko si cheti. Wajane wengi hawakukitafuta kwa sababu ya huzuni, kisha miaka ikapita. Lakini chaweza kutafutwa hata baada ya miaka, nacho kitawafaa pia katika mirathi.

Walioachana kwa talaka wana jambo la kufahamu zaidi. Sheria ya Ndoa haikuidharau talaka yetu. Baraza la usuluhishi likishindwa kuwapatanisha wana ndoa, na talaka ikapita kwa sharia ya Kiislamu, mahakama huikubali kuwa ndoa imevunjika na kutoa hati yake. Shauri hilo laweza kufunguliwa hata katika Mahakama ya Mwanzo. Lakini talaka iliyoandikwa nyumbani na kushuhudiwa na watu wawili, kisha ikakunjwa na kuwekwa sandukuni, haisemi lolote juu ya nani amepewa malezi ya watoto. Anayetaka amri ya malezi hana budi kwenda mahakamani. Zanzibar wana Mahakama ya Kadhi iliyowekwa kwa sheria. Bara, makadhi wa BAKWATA hushauri na kusuluhisha, bali amri imfungayo afisa wa mpaka hutoka kwa hakimu.

Ambaye mwenzake ametoweka, hajulikani aliko, aandike hati ya kiapo inayoeleza tangu lini hajaonekana na njia gani zimetumiwa kumtafuta, na amwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Ofisi isiporidhika na hayo, aombe mahakama impe amri ya malezi pamoja na ruhusa ya safari.

Mama ambaye mtoto wake hakuzaliwa katika ndoa asione haya kuuliza. Haya zake zisimnyime mtoto haki yake. Sheria ya Mtoto yampa kila mtoto haki ya jina, na ya utaifa, na ya kuwajua wazazi wake. Ikiwa jina la baba limo katika cheti, ridhaa yake itaulizwa. Ikiwa halimo, aeleze kwa kiapo.

Bibi, mjomba au shangazi asafiriye na mtoto awe na ridhaa ya wazazi wote wawili walio hai. Na akiwa ndiye mlezi wa yatima, awe na amri ya mahakama ya ulezi pamoja na vyeti vya vifo.

MFANO MMOJA

Na tukisie mama mmoja wa Lulindi, aliyeachwa miaka minne iliyopita. Ana binti wa miaka minane. Dada yake yuko Durban, naye amempelekea nauli waende wakakae mwezi mmoja. Baba wa mtoto yuko Nanyumbu, ameoa mke mwingine, wala hawana ugomvi. Kila Idi humletea binti yake nguo. Mjomba amebariki safari. Mama ana talaka iliyoandikwa katika ukurasa wa daftari, na ana kadi ya kliniki.

Mama huyu hafiki mbali. Si kwa kuwa ana hatia, wala si kwa kuwa baba amekataa. Ni kwa kuwa hana hata hati moja isemayo kwamba mtoto ni wake na kwamba mwenzake ameridhia. Na baba yule angaliombwa sahihi, angaliitia siku ile ile. Ridhaa ilikuwapo, ila haikuandikwa. Nauli ya dada imepotea, na binti amelia kituoni, kwa ajili ya karatasi ambayo ingalipatikana kwa safari moja ya Masasi.

Sasa tumgeuze baba huyo awe mkali, aseme: hapana, mtoto wangu haendi. Hapo nini la kufanya? Kwanza wazee wa pande mbili na sheikh wajaribu suluhu, kwa maana huenda hofu ya baba ni moja tu, kwamba mtoto hatarudi, na tarehe ya kurudi ikiandikwa hofu huondoka. Suluhu ikishindikana, mama apeleke ombi mahakamani. Asimtoroshe. Kumchukua mtoto kinyume cha amri au haki ya mwingine ni kosa, na anayefanya hivyo huiharibu hoja yake mwenyewe mbele ya hakimu, hata kama mwanzo alikuwa na haki. Na baba aogopaye kutoroshewa mtoto naye mlango wake ni huo huo: aombe zuio la mahakama, wala asimfiche mtoto kijijini. Kwa wasio na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria walio katika wilaya. Waulizwe katika ofisi za halmashauri.

NCHI ZA WATU

Tusidhani kwamba haya ni ya Tanzania pekee. Afrika ya Kusini, kuanzia tarehe 1 Juni 2015, iliwataka wazazi wote waingiao na watoto waonyeshe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wawili, na aliye peke yake aonyeshe kiapo cha mwenzake, au amri ya mahakama, au cheti cha kifo. Watu walilalamika sana, na mwezi wa Novemba 2019 masharti yakalegezwa kwa watoto wa kigeni wasiohitaji viza waingiao na wazazi wao. Lakini msafiri mwenye busara huzichukua hati hizo vile vile, maana kulegezwa kwa sharti hakukumwondolea afisa uwezo wa kuuliza.

Katika Uingereza, mzazi amtoaye mtoto nje ya nchi bila ridhaa ya kila mwenye madaraka ya uzazi juu yake hutenda kosa, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Na yule aliyepewa amri ya kukaa na mtoto anaruhusiwa kumtoa kwa muda usiozidi siku 28. Canada huwashauri wazazi wote wampe mtoto asafiriye na mzazi mmoja barua ya ridhaa. Na dada zetu walioolewa katika nchi za Ghuba wakumbuke kwamba nchi kadhaa za huko humtambua baba kuwa ndiye walii wa safari za mtoto. Kwa hiyo aendaye huko na mtoto aulize kabla ya kwenda jinsi atakavyotoka naye.

NASAHA YETU

Tunalo neno moja la kuwausia wasomaji wetu, nalo ni hili: ridhaa iandikwe wakati wa amani. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, ili shaka isiingie baadaye. Ikiwa mali iandikwe, mtoto ambaye ni amana kubwa kuliko mali aachiwe maneno ya mdomo?

Basi wazee wanaosuluhisha talaka vijijini wasiishie katika eda na masurufu. Siku ile ile wawaulize wana ndoa: watoto watakaa na nani, na mmoja akitaka kusafiri nao itakuwaje? Mapatano hayo yapelekwe mahakamani yakatiwe nguvu. Maimamu wawakumbushe watu vyeti vya kuzaliwa siku za akika, kwa maana siku hiyo jina la mtoto limekwisha kutajwa mbele ya watu, na hiyo ndiyo siku njema ya kuliandikisha. Na vijana waliosoma wawasaidie wazazi wao kujaza maombi ya mtandaoni, wala wasiwaache wakatapeliwa njiani na watu wajiitao mawakala.

Wazazi walioachana huenda wasipendane tena, na hapana awezaye kuwalazimisha. Lakini sahihi ya baba katika barua ya mama, au ya mama katika barua ya baba, haiwarudishi katika ndoa wala haimpunguzii mmoja haki yake. Ni ushahidi kwamba mtoto wao anao wazazi wawili, ingawa leo anasafiri na mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wakaao na wasafirio, na awarudishe salama kwa wale wawasubirio. Wabillahi tawfiq.